Siku Tuliyofungua Florence Ndani ya Hopkins

Msinicheke. Juzi baada ya ibada, msichana mmoja wetu, nesi, alinijia pale kwenye chai akaniambia anakwenda Italia na mumewe. "Auntie, nasikia wewe ndiye unayejua mambo ya zawadi za Florence. Ninunue nini?" Vijana wenzake wakageuka, wakanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Nilijua wanachowaza. Huyu mama wa Machakos, aliyestaafu baada ya kubadilisha mashuka ya wazee maisha yake yote ya Amerika, Florence alifika lini?

Sikufika. Ndege nilizopanda zote zilikuwa za kwenda nyumbani na kurudi. Lakini kuuza zawadi Florence niliuza, tena mteja wangu alitoka Blaine kwa gari lake mwenyewe akiendesha kwenye theluji. Kaeni niwaeleze, hasa nyinyi mnaoanza kazi ya kulea wazee. Mnaingia mkidhani ni kazi ya kugeuza watu kitandani na kuwapima presha, halafu siku moja unaambiwa leo wewe ni Mwitaliano, na hakuna aliyekufundisha hilo chuoni.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, kwenye nyumba ya wazee kule Hopkins, Minnesota. Ghorofa ya pili nilikuwa na mzee wangu, Marjorie. Zamani alikuwa na duka la kofia Saint Paul, na karibu kila mwaka alikuwa akienda Florence kununua kofia za majani na zawadi za kuwapa watu wake. Alikuwa mwanamke wa kujipenda, jamani! Hanywi chai ya asubuhi kabla ya kupaka rangi ya mdomo. Kuhusu meno yake ya bandia, hata mimi niliyemwogesha sikuruhusiwa kuuona mdomo wake bila hayo meno. Nilikuwa namnyooshea kikombe cha kuyatia huku nimeangalia ukutani, naye ananigongea mkono akimaliza. Na nyinyi mfanye hivyo hivyo. Mzee akikuficha kitu, kifiche pamoja naye.

Sasa huyo ndiye aliyenifundisha Italia. Mimi nasugua miguu yake kwenye beseni, yeye anatoa somo. Usinunue chochote karibu na stesheni ya treni. Usinunue kitu kilichopangwa kwenye rafu kwa dazeni, vyote vikitabasamu sawasawa. Ingia vichochoro vya nyuma, ufuate kelele za nyundo au harufu ya gundi. Ukifika, tazama mikono ya muuzaji kabla hujatazama bidhaa. Mikono laini, toka. Halafu geuza kitu chini juu, kwa sababu juu watu wote wanajua kupendezesha, ila chini ndiko fundi anakokuwa mwenyewe. Na umuulize: hapa ulikosea wapi? Aliyekitengeneza atakuonyesha mara moja, tena kwa uchungu. Asiyekitengeneza atakuapia kwamba hakina kasoro.

"Ngozi uinuse," alikuwa akisema. "Ikinuka kama gari jipya, iache."

Mimi nikamwambia hata kwetu tunasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Akataka nimtafsirie. Nilipomtafsiria alifurahi, akarudia maneno hayo kwa wageni wote wiki nzima akisema ni ya Waitaliano. Nikamwachia tu. Kumwogesha mzee na kumbishia kwa wakati mmoja hakuwezekani, maji yatakuingia kwenye viatu.

Siku moja wakati wa mapumziko akanikuta nasuka kiondo, kile kikapu chetu cha katani. Mimi ni Mkamba. Mkamba akikaa bure, mikono inamwasha, na katani nilikuwa naletewa na watu wanaotoka nyumbani. Marjorie akasimamisha kiti chake cha magurudumu. Alikitazama kile kiondo, akakigeuza chini juu kama alivyonifundisha, halafu machozi yakaanza kumtoka. Nikashtuka! Nikadhani nimemchoma na sindano.

Ndipo aliponipa habari za Eunice. Eunice ni mdogo wake, wa tumbo moja, anakaa Blaine. Zamani sana walikwenda Florence pamoja, mara moja tu. Siku ya mwisho, kwenye kichochoro, Eunice aliona bibi ameketi mlangoni kwake anasuka vikapu vya majani ya ngano. Akakipenda kimoja. Akakishika kama mtoto. Marjorie, yeye bingwa wa Florence, akamvuta mkono akamwambia, "Kiache, mbele kuna bora zaidi."

Mbele hakukuwa na kitu. Waliporudi, bibi ameshafunga mlango. Kesho yake ndege.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Tangu hapo ananitumia kadi ya Krismasi. Jina lake tu, hakuna neno."

Wanangu, nilicheka. Nilidhani ananitania. Watu wazima, kwa sababu ya kikapu? Halafu nikamwangalia usoni, nikavuta kiti karibu naye. Ndugu hawagombani kwa sababu ya kikapu. Marjorie maisha yake yote alikuwa amemchagulia mdogo wake kila kitu, shule, nywele, karibu amchagulie na mume, na siku Eunice alipochagua kimoja mwenyewe, akanyang'anywa. Marjorie alilijua hilo. Alitaka kumrudisha Florence, Eunice achague, na yeye afunge mdomo wake. Alitaka hilo kabla hajafa, na daktari alikuwa ameshasema ndege asiifikirie.

Basi akamwita Bwana Randy, msimamizi wa burudani, mwanamume wa makamo mwenye moyo mzuri na maarifa machache. Akamwambia anataka Florence iletwe Hopkins. Randy akafurahi mno. Siku ya pili alikuja na mnara wa karatasi ngumu umeinama pembeni.

"Huo uko Pisa," Marjorie akasema. "Utoe."

Akaja na mtumbwi.

"Huo wa Venisi. Utoe."

Masikini Randy alibaki na ndoo ya rangi na bango la pitsa. Mwishoni akaamriwa atundike shuka za rangi ya udongo kwenye korido ya chini ili iwe kichochoro, na asiguse kitu kingine. Zawadi nazo zilikuwa na sheria: hakuna cha dukani. Kila kitu kiwe kimetengenezwa kwa mkono, na aliyekitengeneza awe ameketi hapo hapo. Randy akatazama wafanyakazi wake kwenye mkutano akauliza kama kuna anayejua kazi ya mikono. Kina mama wa Kikongo na wa Kenya tukatazamana. Sisi? Tuliolelewa na makochi yaliyovaa vitambaa kuliko watoto?

Hapo niwatambulishe Mama Furaha. Alitoka Bukavu, akapita kambini, akaja Minnesota na watoto na sindano yake ya kufumia. Ni yeye aliyenifundisha kumgeuza mzee mzito bila kuvunjika kiuno, na pia ndiye mtu mbishi kuliko wote niliowahi kufanya nao shifti. Vitambaa vyake vya kufuma vilikuwa vizuri, sitaki kusema uongo. Tukapewa meza mbili, moja huku, moja kule, kwenye kichochoro cha shuka.

Tulikubaliana kabisa. Sisi ni Waitaliano, tutakaa kwa heshima, kimya, tutasuka na kufuma, mteja atachagua mwenyewe. Randy akatufundisha kusema buongiorno, ndiyo salamu yao. Mama Furaha akasema hana haja ya kufundishwa. "Mimi niko na Kifaransa, dada. Ile ni ndugu yake."

Siku ikafika, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na Eunice alikuwa ameshaalikwa kwa barua. Lifti ndiyo ilikuwa ndege. Randy amevaa kofia ya rubani, anawashusha wazee kutoka ghorofa ya pili, anawatangazia mawingu na kuwaomba wafunge mikanda. Mzee mmoja alipenda ndege kuliko Florence, akakataa kushuka, akapanda na kushuka alasiri nzima akidai soda. Wengine wakafika korido wakaanza kulalamika kwamba Ulaya kuna baridi. Lakini walinunua! Tuliwapa vitufe vya bingo viwe pesa za Italia, na kuna bibi aliyemaliza vyake akaanza kuiba vya jirani.

Marjorie alishuka amevaa kofia ya majani na lulu zake shingoni. Akaniita pembeni. "Sitaweza," akasema. "Nitamwona anachagua, nitasema kitu. Najijua."

"Hutasema," nikamwambia.

"Nipe kitu cha kuziba mdomo."

Nilikuwa na tofi mfukoni, zile kubwa ngumu za maziwa. Nikampa mbili. Sasa hapa wanangu nawapa elimu ya bure: mtu mwenye meno ya bandia hapewi tofi. Nilijua. Mtu yeyote wa kazi hii anajua. Lakini alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano, na mimi nikampa.

Eunice akaingia. Mrefu, mkavu, koti refu la kijivu hajalifungua hata kifungo kimoja. Alimbusu Marjorie hewani, mbali na shavu. Akatazama shuka, akamtazama Randy na kofia yake ya rubani, akasema, "Nimepaki vibaya. Sikai."

Lakini alitembea. Alipita meza ya Mama Furaha taratibu, akagusa kitambaa kimoja, akakiacha. Akaja kwangu. Nilikuwa nimepanga viondo vitatu vizuri vyenye mistari, na kando ya mguu wangu kulikuwa na cha nne, kidogo, rangi ya katani yenyewe, nilichokuwa bado namalizia ukingo. Akainama akakiokota hicho. Akakigeuza chini juu.

"Hapa ulikosea wapi?" akaniuliza.

Ngai! Na yeye alifundishwa na yule yule. Nikamwonyesha mahali nilipokosea kuhesabu nyuzi, ubavuni, pamejikunja kidogo. Akapapasa pale kwa kidole gumba. Koti lake akalifungua kifungo cha juu. Nilimwona Marjorie nyuma yake, mashavu yamejaa tofi, macho yamemtoka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, tumefika.

Sasa nawauliza nyinyi mliokulia huku mkinunua vitu kwenye simu. Mnajua sokoni kwetu kukoje? Mteja akisimama muda mrefu kwa jirani yako na wewe hujauza tangu asubuhi, unafanya nini? Unakaa kimya? Mama Furaha alijitahidi. Nilimwona anavyojibana kwenye kiti. Hakuwa ameuza kitambaa hata kimoja, na mimi nimeshauza viwili, na pale mbele yake kuna mteja mwenye koti la maana. Damu ya soko ikampanda. Akasimama, mikono juu, akapaza sauti kwa Kiingereza chake kipya cha darasa la kanisani:

"Mama! Mama mzuri! Kiache hicho, huku mbele kuna bora zaidi!"

Maneno yale yale. Hakuna aliyemweleza habari za Florence ya zamani, kwa hiyo nawaapia hakujua.

Na mimi sasa? Mimi niliyejua kila kitu? Badala ya kunyamaza nikamjibu! Mdomo ulijiendea wenyewe. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" nikamrushia kwa Kiswahili. Naye akanirudishia, "Mais, dada, hiyo iko kitunga ya kubebea mayai! Haina hata mukanda!" Nikamwambia vitambaa vyake tumevichoka tangu Mombasa hadi Kisangani. Wazee wakatuzunguka wakipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya Italia.

Niliponyamaza niliona kiondo kimewekwa mezani. Eunice alikuwa anafunga kile kifungo cha juu. Uso wake ulikuwa umebadilika, mweupe, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Umewafundisha waseme hivyo," akamwambia dada yake. "Umenitoa Blaine mpaka hapa ili unicheke."

Marjorie akatikisa kichwa. Akataka kufungua mdomo ajibu. Haukufunguka! Tofi zilikuwa zimeshika meno ya juu na ya chini kama gundi ya seremala. Akavuta taya, akatoa sauti ya mbuzi. Akajaribu tena. Eunice akadhani anamcheka.

"Hata neno moja huna," Eunice akasema, na akageuka.

Nilisikia uchungu, wanangu. Nilitaka kumkimbilia nimweleze ni tofi, ni mimi, ni Mama Furaha, ni soko la Bukavu. Nilikuwa sijanyanyua hata mguu. Marjorie, yule Marjorie wa lulu na rangi ya mdomo, mbele ya wazee wote, mbele ya Randy na kofia yake, aliingiza vidole viwili mdomoni, akavuta kwa nguvu, akatoa meno yote, juu na chini, yameshikana na tofi katikati, akayabwaga kwenye meza yangu kati ya viondo. Mashavu yakaingia ndani. Akazeeka ghafla. Na kwa ule mdomo mtupu, mate yakimtoka, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Kichukue, Eunice. Hicho hicho."

Hata lifti nadhani ilisimama. Eunice akageuka, akamtazama dada yake kwa muda mrefu, akatazama meno yale mezani. Midomo yake ikaanza kucheza. Akacheka. Alicheka akashika ukuta, shuka ya Florence ikaanguka juu yake, akaendelea kucheka ndani ya shuka, na ilipotolewa tukakuta analia. Mama Furaha naye akaanza kulia bila kujua sababu. Akachukua kitambaa chake kizuri kuliko vyote akampa ajipanguse.

Mnadhani yaliishia hapo? Hata mimi nilidhani. Lakini ndugu walionuniana muda mrefu hawajui kukaa pamoja, wamesahau namna yake. Eunice akatazama saa. Akasema barabara zitaganda, gari limeegeshwa vibaya, asante kwa kikapu. "Tutaonana Krismasi," akasema, na akaenda dirishani kutazama theluji huku akivaa glovu.

Marjorie aliinamisha kichwa. Mimi nikakichukua kiondo nikifunge, huku nikiropoka mambo ya kwetu. Nikamwambia kwetu kiondo hakitolewi kitupu, hata kama ni kipya, lazima utie kitu ndani. Na aliyekipokea hawezi kunyamaza, siku moja atakurudia, na yeye harudi na kiondo kitupu. Mama yangu na jirani yake walipelekeana kiondo kimoja mpaka kikatoboka. Nikamwambia ngoja nikimbie jikoni nitafute majani ya chai.

Akanishika mkono. Akauliza kwa ule mdomo wa pengo, "Lazima arudi?"

"Kwetu, lazima."

Akaangalia dirishani. Eunice alikuwa bado amempa mgongo. Akachukua leso ya karatasi, akayakunjia yale meno pamoja na tofi yake, akayatia ndani ya kiondo chini kabisa, akafunika na kitambaa cha Mama Furaha. Halafu akaniwekea kidole mdomoni mwangu. Mwangu, si mwake!

Nyinyi mnaijua kazi. Meno ya mzee yakipotea ni kesi. Ni ripoti, ni mkutano, ni familia kupigiwa simu. Nilimtazama Eunice akikichukua kile kiondo, akakiweka kiwikoni, akatoka nacho kwenda Blaine. Nikasema buongiorno.

Jioni Marjorie alikunywa uji amegeukia ukuta, na nilipoulizwa na nesi wa zamu nikasema mgonjwa hana hamu ya kutafuna.

Kesho yake asubuhi, hata hatujatoa sahani za chai, mlango ukafunguliwa. Eunice, theluji hadi magotini, koti halijafungwa hata kifungo, kiondo amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Marjorie! Wewe mwanamke! Nimekuta meno yako kwenye kikapu changu!"

Marjorie akasema hajui yalivyofika huko.

Eunice akayatoa, yameoshwa, yamewekwa kwenye kikombe safi. Halafu akaingiza mkono tena akatoa birika dogo lililofungwa kwa taulo, lenye supu ya kuku ya moto. "Nilikuwa nakuwaza," akasema, "utakula nini bila meno," na akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango. Nikavuta kiti cha pili. Marjorie akachukua kile kikombe cha meno, akakisogeza mbali, upande wa pili wa meza. Alikunywa supu kwanza, mdomo mtupu mbele ya mdogo wake, bila kugeukia ukuta, mpaka supu ikaisha.